Chuma kilichozikwa mtoni: usikigonge, usikiuze, kitambue kwanza

Mito mingi ya Mwingi haionyeshi maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ni njia pana za mchanga, na maji yamejificha chini. Kina mama huchimba mashimo wapate ndoo ya kupikia, vijana hupakia mchanga kwenye malori, na vikundi vya vijiji huchimba mpaka kwenye mwamba ili wajenge mabwawa ya mchanga. Hapo ndipo jembe linapogonga kitu kikalia mlio usiokuwa wa jiwe. Kikitolewa ni kizito, kimevaa kutu, na hakuna anayejua jina lake.

Basi ngoja usikie. Mmoja atasema ni mali ya Wajerumani. Mwengine atasema ni mnyororo wa watumwa. Wa tatu atanong'ona kuwa ndani mna zebaki nyekundu na thamani yake ni mamilioni. Wa nne hasemi kitu, keshampigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu. Na kijana mmoja mwenye haraka atachukua nyundo akipasue aone kilichomo.

Katika hao watano, huyo wa mwisho ndiye anayeweza kutuletea msiba. Wa nne ndiye anayeweza kutupotezea historia. Na wale watatu wa mwanzo ndio wanaowafungulia mlango matapeli. Ndiyo maana makala haya yapo: tueleze kwa utaratibu namna kitu cha chuma kisichojulikana kinavyotambuliwa, nani wa kuambiwa, na mikono izuiwe wapi.

Mpwani anaweza kuuliza: ya Mwingi yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Mto Athi unaopita kati ya Makueni na Kitui ndio huo huo unaoitwa Galana ukishapokea maji ya Tsavo, na ndio Sabaki unapoingia baharini karibu na Malindi. Mto Tana unaopita kaskazini mwa Mwingi ndio unaomalizikia Kipini. Na kabla ya mabarabara haya, njia kuu ya bidhaa za chuma na shaba kuingia Ukambani ilianzia kwetu. Kinachofukuliwa kule huenda kilitoka hapa kichwani mwa mtu.

Funzo la Mukuku

Tuanze na kisa kilichotokea karibuni, watu wakakiona. Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa kama mita 2.5 na uzito wake kama kilo 500. Hakikuwa kitu cha kale wala hakikutoka mtoni, lakini swali lilikuwa lile lile: hiki ni nini?

Eneo lilizingirwa, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaenda kukichukua kifaa kile kwa uchunguzi. Siku mbili baada ya kuanguka, taarifa ikatolewa kwamba kwa uchunguzi wa mwanzo ile ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Pete za namna hiyo kwa kawaida huwa zimepangwa ziungue zinaporudi kwenye hewa ya dunia, au ziangukie mahali pasipo watu, kama baharini.

Angalia mambo yalivyokwenda. Kwanza watu walitoa taarifa. Pili, kitu hakikukatwakatwa kikagawanywa. Tatu, waliokichunguza walianza na mambo yanayoonekana: umbo lake, ukubwa wake, uzito wake, na namna kilivyofika pale. Jina lilikuja mwisho. Sisi kwa kawaida hufanya kinyume: jina tunalitia mwanzo, halafu tunatafuta ushahidi wa kulifuata.

Na lau kile kifaa kingeuzwa kwa kilo siku ya kwanza, leo pasingekuwa na cha kudai. Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaosema kwamba nchi iliyorusha chombo angani ndiyo yenye dhima ya madhara kitakayoleta kikianguka. Lakini dhima haidaiwi kwa maneno matupu, yataka kitu chenyewe kiwepo.

Mto hauweki vitu, mto unavihamisha

Kitu kilichofukuliwa shambani mara nyingi kimelala pale pale alipokiacha mwenyewe. Cha mtoni si hivyo. Mto wa mchanga ukija, haji maji peke yake. Mchanga wenyewe nao hutembea, na nguvu yake si ya kufanyiwa mzaha. Mwezi wa Desemba 2021, mto Enziu, hapo hapo Mwingi, ulilichukua basi zima la watu waliokuwa wakienda harusini, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maji yanayoweza kubeba basi hayashindwi na sufuria, jembe au kipande cha reli.

Mafuriko yanapochemsha mchanga, vitu vizito huzama zaidi kuliko mchanga wenyewe, mpaka vinakwama kwenye mwamba au nyuma ya jiwe kubwa. Kwa hivyo si ajabu kukuta mahali pamoja sarafu ya mwaka 1925, risasi ya mwaka 1940 na boliti ya lori la mwaka jana. Kukaa pamoja hakumaanishi kuwa ni rika moja. Vimekutanishwa na mto tu.

Lakini mto huacha alama zake. Chuma chenye ncha kali na kingo zilizo wazi hakikusafiri mbali. Huenda kimetoka kwenye ukingo uliobomoka hapo juu kidogo. Chuma kilicholainika pande zote kama kokoto kimeviringishwa safari ndefu. Basi swali la kwanza la mtambuzi ni hili: kilikuwa wapi hasa, kina gani, juu ya nini, na ukingo wa mto uko umbali gani? Ukishakipeleka nyumbani bila ya kuyaandika hayo, nusu ya habari umeiacha mtoni.

Mwaka 1944, askari mmoja wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu chache ufuoni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Alizihifadhi tu miaka mingi. Zilipopelekwa kutambuliwa mwaka 1979, ikaonekana tano kati yake zilikuwa za Kilwa, Kilwa hii yetu ya Tanzania. Alichowasaidia wataalamu zaidi ni ramani aliyokuwa ametia alama ya mahali alipoziokota. Bila ya alama ile, zingekuwa sarafu za Kilwa zilizotokea popote pale, na kisa kingekuwa kimeishia hapo.

Maswali matano ya kukiuliza chuma

Kabla ya maswali, sharti moja: kama kitu kina umbo la risasi kubwa, la yai lenye kishikio, la mkebe wenye mapezi nyuma, au kama kina mkanda wa shaba uliozunguka karibu na kitako, usiendelee kusoma hapa. Usikiguse, rudi nyuma, waondoe watoto, waite polisi. Sababu nitaieleza mbele.

Kama hakina dalili hizo, kiulize haya.

Swali la kwanza: kutu yako ni ya rangi gani? Chuma cha pua na chuma cha kawaida hutoa kutu nyekundu ya kahawia. Shaba nyekundu na shaba ya manjano hugeuka kijani. Fedha huwa nyeusi. Risasi, ile ya kuzibia na kutengenezea vizito vya nyavu, hufanya utando wa kijivu na ni laini, ukucha unaweza kuiacha alama. Dhahabu haifanyi kutu kabisa. Alumini hupauka ikawa nyeupe nyeupe. Na hiyo alumini ni shahidi mzuri wa umri: haikuanza kutengenezwa kwa wingi duniani ila mwishoni mwa karne ya 19, kwa hivyo kitu cha alumini kilichookotwa Mwingi si cha kale sana, hata kama kimechakaa vipi.

Swali la pili: wapendana na sumaku? Sumaku ya spika mbovu ya redio yatosha. Chuma hushika. Shaba, fedha, dhahabu, risasi na alumini havishiki. Ukiambiwa kitu ni dhahabu au fedha tupu na sumaku inakikamata, mjibu aliyekwambia kuwa umeshapata jawabu.

Swali la tatu: una uzito gani kwa ukubwa wako? Hili hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza na ndoo ya maji. Pima kitu kikining'inia hewani. Kisha kizamishe chote majini, kikiwa bado kimening'inia na hakigusi ndoo, upime tena. Toa uzito wa majini kwenye uzito wa hewani, halafu gawanya uzito wa hewani kwa tofauti hiyo. Tuseme kipande kina gramu 890 hewani na gramu 790 majini. Tofauti ni 100. Gawanya 890 kwa 100 upate 8.9, nayo ndiyo namba ya shaba nyekundu. Chuma ni kama 7.9, fedha 10.5, risasi 11.3, alumini 2.7, na dhahabu 19.3. Hesabu hii haiwezi kukwambia kitu kilitumiwa kwa kazi gani, lakini itakwambia kimefanywa kwa nini, na wakora wengi huishia hapo.

Swali la nne: ulitengenezwa vipi? Chuma kilichofuliwa na mhunzi kwa nyundo hakilingani unene. Utaona mabonde madogo ya nyundo, na pengine mistari kama ya ubao mahali kutu ilipokula. Kilichomiminwa kwenye kalibu huwa na mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kilichotoka kiwandani huwa na kingo zilizonyooka, matundu ya duara kamili, au hesi za skrubu zinazolingana. Ukiona mchomo wa kuunganishia wa umeme, jua ni kazi ya karne ya 20 au hii yetu.

Swali la tano: una maandishi? Namba ndogo, herufi mbili tatu, taji, mshale, jina la nchi. Alama za viwandani ndizo hutatua mafumbo kwa haraka kuliko kitu chochote. Ila tahadhari na miaka iliyoandikwa. Ile reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, iliyotumika pwani yetu, Uhabeshi na Arabuni, imeandikwa 1780 zote, kwa sababu mwaka ule uliendelea kutiwa hata kwenye sarafu zilizogongwa karne moja na zaidi baadaye. Aliyeokota reale ya 1780 hakuokota lazima kitu cha mwaka 1780.

Kinachoweza kupatikana Mwingi

Baada ya kukiuliza chuma, uliza nchi: ni watu gani walipita hapa, na walibeba nini?

Wa mwanzo ni wahunzi wa Ukambani wenyewe. Chuma chao kilitokana na mchanga mweusi mzito unaokusanyika mitoni, ule ambao ukipitisha sumaku hushika. Waliuyeyusha kwa makaa na mivuo, wakapata donge la kufuliwa. Kazi hiyo huacha takataka: madonge meusi yenye matundu, mengine kama kioo kilichoyeyuka, ambayo kwa Kiswahili chetu huitwa mavi ya chuma. Watu huyatupa wakidhani ni mawe ya moto au kimondo kilichoanguka. Kumbe mahali penye mavi ya chuma mengi, pamoja na vipande vya mirija ya udongo iliyoungua, ndipo palipokuwa na tanuri. Kwa mtaalamu wa mambo ya kale, rundo hilo lina thamani kuliko jembe zima, kwa sababu tanuri halihami.

Wahunzi hao walijulikana pia kwa mikufu myembamba ya nyaya, chuma kwa shaba, kazi ya mkono mtupu. Kwa hivyo mnyororo mdogo wa mtoni usiupe jina la utumwa haraka. Kuna mikufu ya mapambo, kuna minyororo ya ng'ombe na punda, kuna ya magari, kuna ya ndoo za visima. Pingu ya kweli ina umbo lake: kitanzi cha kufungika kinachotosha kifundo cha mguu au cha mkono, chenye mahali pa kupitisha chuma cha kufungia. Waliofungwa minyororo walikuwa watu wa kweli, na heshima yao haitunzwi kwa kuibandika hadithi yao kwenye mnyororo wa trela.

Wa pili ni misafara ya biashara. Katika karne ya 19, Wakamba wa Kitui walikuwa mabingwa wa njia ya Mombasa. Walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na nguo, shanga, chumvi na masango, yaani zile nyaya nene za shaba. Wakamba wengine walihamia nyuma ya Mombasa, wakakaa pande za Rabai, na wajukuu wao wako mpaka leo. Ludwig Krapf, mmishonari wa Kijerumani aliyekaa Rabai, aliifuata njia hiyo mwaka 1849 mpaka kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, na huko ndiko alikouona Mlima Kenya. Alirudi mwaka 1851. Safari hiyo msafara ulishambuliwa karibu na Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akaponea chupuchupu. Basi pete ya shaba, kipande cha waya kilichopindwa, au reale ya fedha kwenye mchanga wa Mwingi ni mambo ya kutarajiwa. Ni risiti za biashara yetu na wao.

Wa tatu ni serikali ya kikoloni na kampuni iliyoitangulia. Kuna sarafu za mwaka 1888 zenye jina la Mombasa, zilizotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Kuna rupia zilizotumika hadi 1920, halafu shilingi na zile senti za tundu ambazo wazee wanazikumbuka. Upande wa Makueni ongeza reli, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899. Ilipita Kibwezi na Makindu ikiacha misumari mikubwa, mataruma ya chuma na boliti kwenye vijito njia nzima.

Wa nne ni vita. Mwaka 1940 na mwanzo wa 1941, majeshi ya Uingereza na makoloni yake yalijipanga upande wa Garissa kupambana na Waitaliani waliokuwa Somalia. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari 1941 na Mogadishu siku chache baadaye. Mwingi iko kwenye njia ya Nairobi kwenda Garissa. Maganda ya risasi, vifungo vya sare na mikebe ya petroli vinaweza kupatikana, na pengine vitu vilivyo hai bado.

Hapo sasa ndipo penye hatari.

Kilicholala si kilichokufa

Baruti iliyozikwa haizeeki ikawa mpole. Mara nyingi huwa kinyume chake: kutu hula kile kilichokuwa kikizuia kisilipuke, na kitu kikawa kinangojea kuguswa tu. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Pande za Samburu na Laikipia, wafugaji na watoto waliuawa na kukatika viungo kwa mabomu yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi ya kijeshi. Mwaka 2002, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa walalamishi 228. Wengi walikuwa wafugaji na watoto waliookota chuma wasichokijua.

Na si mabomu tu. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, waokota vyuma chakavu walichukua mashine ya matibabu iliyoachwa katika hospitali iliyohamwa. Wakaivunja, wakamwuzia mnunuzi. Ndani yake mlikuwa na unga uliong'aa rangi ya samawati gizani, na watu wakaupenda. Wakagawiana, wengine wakajipaka. Ulikuwa ni sisiamu, madini yenye mnunurisho. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita, na watu 249 walikutwa na uchafu wa madini yale. Kitu chenye alama ya mapanga matatu ya rangi nyeusi au zambarau kwenye manjano hakina soko. Kenya ina Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia kwa kazi hiyo, na polisi wa karibu ndio watakaoifikia.

Rupia, zebaki na wakora

Sasa tuje kwa watu wa mamilioni. Hadithi zao tunazijua sote hapa pwani. Kuna rupia ya Mjerumani inayovuta mchele. Kuna zebaki nyekundu iliyomo ndani ya redio au cherehani ya zamani. Kuna mzungu yuko hoteli fulani anangojea mzigo, ila kwanza itoke pesa ya "kupima".

Tuzipime nazo. Mchele si chuma, kwa hivyo hakuna sumaku wala sarafu inayouvuta. Aliyekuonyesha mchele unatembea alikuwa ameutia kitu. Dhahabu na fedha nazo hazivuti chochote. Ni kweli kwamba mwaka 1916, Wajerumani waliozingirwa Tabora waligonga sarafu za dhahabu zenye picha ya ndovu, na zina bei kwa wakusanyaji. Lakini bei hiyo hutokana na uchache wake na dhahabu yake, wala si nguvu za miujiza, na Tabora si Mwingi. Carl Peters alipanda mto Tana mwaka 1889 na msafara wake, kweli, lakini alikuwa mpita njia, hakujenga hazina huko.

Zebaki ya kweli ni maji ya rangi ya fedha, nayo ni sumu. Jiwe jekundu linalotoa zebaki lipo, ila halina siri yoyote. Hiyo zebaki nyekundu ya mamilioni haipo. Mwaka 2009 uvumi kama huu uliikumba Saudia: watu wakaamini kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu, na bei zikapanda mpaka makumi ya maelfu ya riali. Serikali ikabidi ikanushe. Waliouza mapema walicheka, na waliochelewa wakabaki na cherehani.

Alama ya mkora ni moja tu, haibadiliki: anayetaka kununua kitu chako anataka wewe ndiye utoe pesa kwanza.

Ukishakiokota, fanya hivi

Piga picha kitu kikiwa bado mahali pake, ukiweka kalamu au sarafu ya shilingi kando yake ili ukubwa uonekane. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Andika tarehe, kina, na kilichokuwa pembeni. Ukiwa umekwisha kukitoa, piga picha pande zote, hasa penye maandishi.

Usikisugue. Hapa ndipo sisi wapwani tunapokosea kwa nia njema, maana tumelelewa kung'arisha sinia za shaba kwa ndimu, ukwaju na mchanga. Kwa sinia la harusi ni sawa. Kwa kitu cha kale, tindikali ile inakula maandishi yale yale ambayo yangelisema jina. Usikichome moto kutoa kutu, wala usikipige rangi. Kama kimetoka kwenye maji, usikianike juani. Chuma kilichozoea maji kikikauka ghafla hupasuka tabaka kwa tabaka. Kiweke ndani ya ndoo ya maji yale yale mpaka mtaalamu akione. Jahazi la kivita la Kireno, Santo António de Tanná, lililozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, lilichimbuliwa baharini kuanzia mwaka 1977, na vitu vyake vya chuma vilihitaji kazi ndefu ya kutolewa chumvi kabla ya kuwekwa mbele ya watu.

Kisha toa taarifa. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu cha kuhamishika kuwa cha kale kama kilitengenezwa Kenya, au kiliingizwa, kabla ya mwaka 1895. Cha kale kilichokuwa ardhini ni mali ya serikali, na aliyekigundua anatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, akieleza mahali na namna alivyokipata. Aliye Mwingi aanze kwa chifu au polisi, na Makavazi yako Nairobi. Aliye huku kwetu, mlango wa Fort Jesus uko wazi.

Najua lalama iliyopo, nayo ina haki yake: kijana amechimba mchanga tangu alfajiri, mnunuzi wa skrepu anampa pesa mkononi, na serikali inampa fomu. Nchi inayotaka watu wake watunze turathi yapaswa kumtaja aliyeokota kwenye kibao cha maonyesho, na kuonyesha vitu vya Mwingi huko huko Mwingi, si kuvifungia kabati la Nairobi. Hayo tuyadai. Lakini tuyadai kitu kikiwa kipo. Kilichoyeyushwa hakidaiwi.

Ukweli ni kwamba vitu vingi vitakavyotoka kwenye mchanga wa Enziu au Athi vitakuwa ni boliti, springi na majembe ya babu. Mtambuzi mzuri huridhika hata na jawabu hilo, kwa sababu amelipata kwa njia ya haki. Na siku moja katika mia, kitatoka kipande cha masango kilichonunuliwa Mombasa kwa pembe ya ndovu na mtu aliyetembea mwezi mzima kurudi kwao. Siku hiyo, kheri aliyekiokota awe amesoma hapa, awe ameiweka nyundo chini.